Chumba cha Giza Lanet: Taima Kwanza, Analaiza Baadaye

Anayeamua leo kufungua chumba cha giza Lanet, upande wa mashariki wa jiji la Nakuru, ili asafishe picha nyeusi na nyeupe kwa mkono wake, hasumbuliwi sana na enlaja. Mashine hizo za kukuzia picha ni za mitumba karibu zote, chuma kizito na lenzi, na iliyotunzwa vizuri humzidi umri mwenyewe. Kinachomfanya akune kichwa ni vitu viwili vidogo vinavyokaa kando yake. Cha kwanza ni taima, saa inayowasha taa ya enlaja na kuizima baada ya muda uliopangwa. Cha pili ni analaiza, kipimo kinachosoma mwanga unaoangukia ubao kutoka kwenye negativu, kisha kikakuambia karatasi imulikwe sekunde ngapi na kwa gredi ipi, yaani kwa ukali gani wa tofauti kati ya weusi na weupe. Kuna wanaoviuza kimoja kimoja, na kuna wanaoviunganisha ndani ya boksi moja ambalo bei yake yaweza kupita ya enlaja yenyewe. Ushauri unaotolewa mara nyingi na wenye vyumba vya giza huko Ulaya ni kwamba mwenye uwezo anunue boksi lililokamilika, asitazame nyuma. Kwa Lanet ushauri huo umekaa kichwa chini. Hapa shilingi ya kwanza iende kuutuliza umeme unaoiwasha balbu, ya pili inunue taima inayohesabu kwa stopu, yaani kwa hatua ambazo kila moja nzima huongeza mwanga maradufu, na analaiza isubiri mpaka ipate kazi ya kuifanya.

Tuanze na kinachopotea, maana ndicho kinachoamua kama kifaa kitajilipa. Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe mwaka 2005, na AgfaPhoto ikafilisika mwaka huohuo. Zinazopatikana kwa wingi sasa ni za Ilford, zitokazo Mobberley nchini Uingereza, na za Foma, zitokazo Hradec Králové katika Jamhuri ya Cheki. Pakiti inayofika Nakuru imelipiwa nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na karatasi iliyoungua kwa mwanga haina dawa ya kuirudisha nyeupe. Sasa, karatasi huharibika kwa sababu tatu kubwa. Huenda msafishaji alikisia muda vibaya. Huenda alichagua gredi isiyolingana na negativu, picha ikatoka imepauka kama uji au imekatwa weusi na weupe bila kijivu katikati. Au huenda alipata kila kitu sawasawa, lakini mwanga wa taa haukuwa uleule aliopimia dakika tano zilizopita. Taima nzuri hupunguza kosa la kwanza, analaiza hupunguza la pili na sehemu ya lile la kwanza. Kosa la tatu hakuna kati ya hivyo viwili kinacholitibu, na Nakuru ndilo linalouma zaidi.

Balbu ya waya, ile ya kizamani ambayo enlaja nyingi zilitengenezewa, haipunguzi mwanga kwa kiasi kilekile stima inavyopungua. Mwanga wake huenda na volti zikipandishwa kwa kipeo cha takriban 3.4. Kwa lugha nyepesi, stima ikishuka kutoka volti 240 hadi 228, yaani asilimia 5 tu, mwanga unaofika kwenye karatasi hupungua kwa asilimia 16 hivi, ambayo ni robo ya stopu. Ikishuka hadi 216, mwanga hupungua kwa asilimia 30, nusu stopu nzima. Kwenye karatasi ya gredi ya 2, ambayo huchukua stopu tatu na nusu hivi kutoka weupe hadi weusi kamili, robo ya stopu huonekana wazi kwa jicho lolote lililozoea. Kwenye gredi ya 5, ambayo safari hiyo yote huimaliza kwa stopu moja na theluthi, robo ya stopu ni karibu sehemu moja ya tano ya picha nzima. Tena si kiasi cha mwanga peke yake kinachobadilika. Waya ukipoa, mwanga huegemea wekundu na buluu hupungua, na karatasi za gredi nyingi kama Ilford Multigrade hupata gredi yake kutokana na uwiano wa buluu na kijani. Kwa hiyo volti zikishuka, picha huwa nyepesi na laini kwa pamoja, na aliyeko ndani ya chumba hubaki akiilaumu dawa.

Jambo hili lingekuwa la vitabuni tu kama watu wangesafisha picha saa nne asubuhi siku ya kazi. Hawafanyi hivyo. Mwenye ajira au biashara huingia chumba cha giza jioni, jua likishatua na madirisha yakiwa rahisi kuzibwa, na jioni ndipo matumizi ya stima Kenya nzima hufikia kilele. Pasi, jiko la koili, hita ya maji ya bafuni na televisheni za mtaa mzima huwashwa pamoja. Palipo na karakana ya kuchomelea vyuma au mashine ya kusaga unga kwenye transfoma ileile, volti huyumba hata mchana. Mwenye shaka anaweza kulithibitisha bila kumuuliza mtu: aazime multimita ya fundi wa elektroniki, aichomeke kwenye soketi ya chumba atakachotumia, aitazame kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Namba zikitulia, asiendelee kusoma aya inayofuata. Zikicheza, hiyo ndiyo bajeti yake ya kwanza.

Kuutuliza umeme nako kuna mitego. Kifaa kinachouzwa kila duka la vyombo vya umeme kwa ajili ya friji hakistahili hapa, kwa sababu kazi yake ni kukata stima inapopita mipaka. Ndani ya mipaka huiacha iyumbe itakavyo. Stabilaiza ya kawaida ya nyumbani ni mbaya zaidi kwa namna yake: hubadilisha volti kwa swichi za ndani, hatua kwa hatua, na ule mlio wa "tak" unaosikika ni volti zinaporuka ghafla, huenda katikati ya sekunde zako kumi na sita. Stabilaiza ya mota ni bora, ingawa hujirekebisha polepole. Kuna transfoma za zamani za volti thabiti, nzito na zenye mvumo, ambazo wasafishaji wa Ulaya walizipenda. Hizo hufuata mapigo ya umeme, kwa hiyo iliyotengenezewa Marekani kwa mapigo 60 kwa sekunde haifanyi kazi yake kwenye mapigo 50 ya Kenya. Njia iliyo rahisi kuliko zote siku hizi ni kuacha balbu ya waya na kutumia taa ya LED yenye saketi inayoshikilia mkondo wa umeme usibadilike. Balbu za aina hiyo huandikwa kwenye boksi kwamba zinakubali volti kutoka 85 hadi 265, au mfano wa hayo, na humo ndani stima ikishuka hadi 200 mwanga haujui. Zichunguzwe mambo matatu kabla ya kuaminiwa. Kitako kiwe kile cha enlaja, maana Kenya balbu za pini zimejaa madukani na enlaja nyingi hutaka za kuzungusha. Isiendelee kung'aa hafifu baada ya kuzimwa, jambo linalojulikana kwa kuweka kipande cha karatasi ya picha chini ya lenzi kwa dakika mbili taa ikiwa imezimwa, kisha kukiosha. Na gredi zipimwe upya, kwa kuwa LED nyeupe ina buluu na kijani kwa uwiano tofauti na ule waliokusudia watengenezaji wa filta za kubadilishia gredi.

Umeme ukishatulia, taima ndiyo inayofuata, na hapa watu wengi hununua kwa kigezo kisicho na maana: usahihi wa sekunde. Taima yoyote ya kidijitali ina usahihi wa kutosha. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde katika sekunde 10 ni asilimia moja, na hakuna jicho litakaloliona. Tofauti iko kwenye namna ya kuhesabu. Chukua kile kipande cha majaribio ambacho kila msafishaji hukata kabla ya kutumia karatasi kamili, umulike sehemu zake kwa sekunde 5, 10, 15, 20 na 25. Hatua hizo zinaonekana sawa kwenye saa, lakini karatasi haioni hivyo. Kutoka 5 hadi 10 mwanga umeongezeka maradufu, stopu nzima. Kutoka 20 hadi 25 umeongezeka kwa theluthi ya stopu tu. Upande mmoja wa kipande unaruka, upande mwingine unatambaa, na muda unaoutafuta huangukia mara nyingi kwenye pengo la upande unaoruka. Taima inayohesabu kwa stopu humulika kwa mfuatano kama 8, 11.3, 16, 22.6 na 32, na kila hatua huonekana kwa jicho kuwa sawa na iliyotangulia. Aliyeieneza sana njia hii miaka ya 1980 ni Gene Nocon, Mmarekani aliyesafisha picha London. Baadaye kampuni kama RH Designs ya Uingereza zikatengeneza taima kama StopClock zinazofanya hesabu hiyo zenyewe.

Faida yake huonekana zaidi picha inapokuzwa. Negativu ya milimita 35 ikikuzwa kufikia sentimita 10 kwa 15, halafu mteja akataka ya 20 kwa 30, mwanga hutawanyika kwenye eneo kubwa na muda unaohitajika huongezeka karibu mara 3.3, yaani stopu 1.7. Picha iliyochukua sekunde 16 sasa inachukua 52. Tuseme kwenye ile ndogo, mawingu juu ya kreta ya Menengai yaliongezewa nusu stopu ili yasibaki karatasi tupu: sekunde 6.6 za ziada. Anayehesabu kwa sekunde ataongeza tena sekunde 6.6 kwenye ile kubwa, na mawingu hayataonekana, kwa sababu zinahitajika karibu 21.6. Anayehesabu kwa stopu aliandika "mawingu, nusu" kwenye bahasha ya negativu, na nusu hubaki nusu hata picha ikiwa kubwa kama mlango. Hili kwa maoni yangu ndilo linaloifanya taima ya stopu ithaminiwe kuliko analaiza. Analaiza hukupa jibu la leo. Taima ya stopu hukufundisha kufikiri kwa kipimo ambacho karatasi yenyewe hukitumia, na daftari lako huwa na maana hata ukibadilisha enlaja.

Mengine ya kuangalia kwenye taima ni ya kawaida lakini yana ukali wake Kenya. Taima za Marekani zenye uso mkubwa wa saa na mishale inayong'aa, mfano GraLab, hupendwa kwa uimara wake, na watu huziagiza pamoja na transfoma ya kushusha volti hadi 120. Transfoma hubadilisha volti, mapigo haibadilishi. Mota ya saa hiyo hufuata mapigo 60, ikipewa 50 huzunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, na dakika moja ya uso wake ni sekunde 72 za saa ya ukutani. Kwa kumulika karatasi si hasara kubwa, kwa kuwa huchelewa vilevile kila siku. Lakini akiitumia mtu kuoshea filamu kwa maelekezo ya boksi, filamu zitamtoka nyeusi. Taima za Uingereza huingia moja kwa moja kwenye soketi zetu za pini tatu. Kwa taima yoyote, hakikisha swichi yake ya ndani imeandikiwa kubeba mzigo wa taa yako kwa volti 240, hasa ukitumia LED, ambazo huvuta mkondo mkubwa kwa mpigo wa kwanza hata kama wati zake ni chache. Namba zake ziwe nyekundu na zipunguzike mwanga. Kiwepo kibonyezo cha mguu, kwa kuwa mikono itakuwa na kazi ya kuziba na kuongeza mwanga. Na usipange muda chini ya sekunde 5 kwa balbu ya waya, kwani balbu huchukua sehemu ya sekunde kupata moto na sehemu nyingine kupoa, na kwa muda mfupi sehemu hizo ni nyingi.

Sasa analaiza. Kwa ufundi wake ni kifaa kizuri, na haifai kukidharau kwa sababu tu kimepangwa cha tatu. Fikiria picha ya arusi: bwana arusi ni askari wa kambi ya Lanet aliyevaa sare rasmi, kofia imetia kivuli kwenye paji la uso, na bibi arusi yuko ndani ya gauni jeupe lenye nakshi. Negativu ikiwekwa kwenye enlaja, kila kitu kimegeuzwa. Sare inayotakiwa kuwa nyeusi inaangusha mwanga mkali ubaoni, gauni linaangusha giza. Kidole cha kipimo, kijicho kidogo kilicho juu ya kibao bapa, huwekwa kwanza kwenye mikunjo ya gauni, kisha kwenye sare. Usomaji wa gauni hutoa muda, kwa kuwa weupe wenye nakshi ndio unaotakiwa uguswe kijivu kidogo usipotee. Tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili hutoa gredi. Sare ikiwa na mwanga mara 8 ya ule wa gauni, karatasi ya gredi ya 3 itabeba vyote viwili. Ikiwa mara 12 au 13, gredi ya 2. Ikiwa mara 20, ushuke hadi gredi ya 1. Analaiza kama Analyser Pro ya RH Designs huonyesha kila usomaji kwenye safu ya vitaa vilivyopangwa kutoka weupe hadi weusi, hivyo unaona kabla ya kumulika kama uso utakaa mahali pake. Splitgrade ya Heiland, ya Ujerumani, huenda mbali zaidi na kuziendesha filta yenyewe.

Lakini tazama ule uso. Namba za analaiza ni za karatasi na dawa alizotumia mtengenezaji, na kama kuna uso wowote uliofichwa ndani ya mpangilio wake, si wa bwana arusi wa Lanet. Katika mfumo wa kanda ulioasisiwa na Ansel Adams na Fred Archer, ngozi ya Mzungu huwekwa kanda ya sita, juu kidogo ya kijivu cha katikati. Kwa upande wa rangi, maabara zilizotumia vifaa vya Kodak ziliratibu mashine zao kwa kadi za picha za mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, kuanzia miaka ya 1950, na ilichukua hadi miaka ya 1990 kadi zenye watu wa rangi mbalimbali kutolewa. Analaiza nyingi za mitumba zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni za rangi na ni za enzi hiyo. Zinafaa kupimia weusi na weupe, ila yeyote anayenunua analaiza, mpya au kuukuu, lazima ajitengenezee negativu yake ya rejea: mtu wa hapa, mwenye ngozi nyeusi, shati jeupe na nywele nyeusi, mwanga wa kawaida wa kivulini. Aisafishe kwa kipande cha majaribio mpaka aridhike, picha ikiwa imekauka kabisa kwa sababu karatasi hukolea kidogo inapokauka, kisha ndipo afundishe kipimo kwamba usomaji huu ndio uso. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila aina ya karatasi. Utaona basi kwamba analaiza haikuondolei kipande cha majaribio siku ya kwanza. Inakudai vingi zaidi mwanzoni ili ikupunguzie baadaye, na deni hilo hulilipi vizuri bila taima ya stopu na taa isiyoyumba.

Watakuja wenye kusema kwamba haya yote ni anasa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, Parekh alikuwa na studio yake Mombasa, Omar Said Bakor alikuwa Lamu na picha zake za kuunganisha, na kazi za mikono hiyo bado zinatazamwa kwa heshima bila mtu kuuliza walikuwa na analaiza gani. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisemi kinachodhaniwa. Studio ya biashara ya enzi hizo ilikuwa na taa zilezile, umbali uleule kutoka kiti hadi kamera, filamu ileile iliyonunuliwa kwa katoni na oda za kila siku. Negativu ya Jumatatu ilifanana na ya Ijumaa. Wingi wa kazi ndio uliokuwa kipimo, na fundi aliyesafisha picha za pasipoti kutwa nzima alijua sekunde kama dereva wa matatu anavyojua matuta ya njia yake. Mtu wa leo anaingia chumba cha giza mara chache kwa mwezi, na negativu moja ya flamingo Ziwa Nakuru juani, nyingine ya bibi yake jikoni gizani. Mkono wake haupati marudio ya kutosha kujifunza kwa njia ile. Anahitaji msaada, ubishi ni juu ya msaada gani uje mwanzo.

Pingamizi la pili ni la hesabu na ndilo gumu zaidi: kama karatasi ni ghali hivyo, je, analaiza si itarudisha bei yake haraka kuliko kitu kingine? Inaweza, kwa anayesafisha nyingi. Ila tuangalie inaokoa nini. Kipande cha majaribio hakili karatasi nzima. Karatasi moja ya 20 kwa 25 hutoa vipande vitano, na vitatu vilivyopangwa kwa stopu hufikisha wengi kwenye muda sahihi. Anayesafisha negativu nne kwa jioni anaokoa karatasi mbili au tatu kwa analaiza, akishamaliza kuifundisha. Stima ikishuka baada ya kipimo, zile karatasi kamili alizomulika akiamini namba ndizo zinazoharibika, na hapo hasara ni ya ukurasa mzima, si kipande. Analaiza kwenye umeme unaoyumba humpa mtu ujasiri asiostahili. Inafaa hata hivyo kukiri kazi moja ambayo inaifanya vizuri mno kwenye mazingira yetu: ukiiacha chini ya lenzi bila negativu jioni nzima, namba zake zikitembea, imekupimia ubovu wa taa yako kwa stopu, jambo ambalo multimita haiwezi.

Kuna njia za mkato ambazo zinajaribiwa, na mojawapo ni kununua vipimo vya luksi vya mafundi wa umeme, vile vinavyouzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi. Havitoshi, na sababu iko kwenye namba za karatasi yenyewe. Multigrade ikiwa na filta za 00 hadi 3½ ina kasi ya ISO P200. Kasi hiyo hupatikana kwa kugawa 1000 kwa luksi-sekunde zinazotoa kijivu cha wastani, kwa hiyo karatasi inataka luksi-sekunde 5. Ukimulika sekunde 10, ubao una nusu luksi tu. Kipimo ambacho hatua yake ndogo ni luksi moja kitasoma sifuri au moja. Cha hatua ya 0.1 kitakukosea kwa sehemu moja ya tano mahali penye kijivu, na kwenye gauni la bibi arusi hakitaona kitu. Simu nayo haina nafasi karibu na karatasi iliyo wazi, hata ikiwekwa rangi nyekundu, kwani kioo chake huvujisha mwanga ambao karatasi huuona. Lakini simu iliyolazwa kifudifudi ndani ya droo, ikitoa mdundo mmoja kila sekunde, ni taima isiyo na aibu kwa asiye na pesa: Ansel Adams mwenyewe alihesabu mwanga kwa metronomu. Jedwali la stopu linaandikwa kwa kalamu ukutani, 8, 11, 16, 23, 32, na mkono huziba lenzi kwa kadi nyeusi mdundo ukifika. Anayejua vifaa vya elektroniki anaweza pia kujitengenezea taima ya stopu kwa saketi ndogo ya kompyuta na swichi ya umeme. Miradi ya aina hiyo ipo wazi, na ya Printalyzer, ambayo imechanganya taima na kipimo, michoro yake imetolewa kwa umma. Upande wa volti 240 wa kazi hiyo umalizwe na fundi aliyehitimu, boksi lifungwe, na mikono iliyolowa dawa ikae mbali nalo.

Mpangilio huu hugeuka katika hali moja. Chumba kikiwa cha chuo au cha klabu, mikono kumi tofauti ikiingia na negativu kumi zisizofanana, hakuna anayekaa muda mrefu kiasi cha kuijua taa wala karatasi, na karatasi zinatoka kwenye sanduku moja la wote. Hapo analaiza ipande iwe ya pili, mara tu umeme ukishatulia, na mtu mmoja apewe jukumu la kuifundisha na kuandika mpangilio wake ukutani ili asije mwanafunzi akaufuta. Anayenunua iliyotumika aulize kwanza kijicho chake ni cha aina gani. Vya zamani vya kadmiamu hukumbuka mwanga mkali kwa dakika kadhaa na kusoma uongo. Vya silikoni hujibu papo hapo. Jaribio lake ni dogo: kiwekwe chini ya taa ya chumba kwa dakika moja, kisha kirudishwe kwenye mwanga hafifu wa enlaja uliokwisha kupimwa. Usomaji ukirudi ulipokuwa ndani ya sekunde mbili tatu, muuzaji alipwe. Ukirudi kwa kusuasua, bei ishuke au kibaki kwake.